Kuhesabu Mimweko: Jinsi Chembe Zisizoonekana Zinavyojulikana kwa Mwanga

Katika usiku wa giza, mwezi usipokuwapo angani, mtu anayesimama juu ya vilima vya Capri Point mjini Mwanza huona taa nyingi zikielea mbali juu ya maji ya Ziwa Victoria. Hizo ni taa za wavuvi wa dagaa. Zamani zilikuwa karabai, na siku hizi nyingi ni za betri. Mtazamaji haoni mitumbwi, wala nyavu, wala watu. Anachokiona ni nuru tu, lakini nuru hiyo yamtosha kujua kwamba wavuvi wapo, ni wengi kiasi gani, na wanaelekea upande gani. Usiku wa mbalamwezi kazi hiyo hudorora, kwa kuwa mwanga wa mwezi huzishinda taa na dagaa hawakusanyiki.

Wanafizikia wanaochunguza chembe zilizo ndogo kuliko atomu wamo katika hali inayofanana na ya mtazamaji huyo. Protoni, elektroni na chembe nyinginezo hazionekani kwa jicho. Hata hivyo, zikipita ndani ya vitu fulani huacha nyuma yake mwanga hafifu wa muda mfupi sana. Mwanga huo huitwa mmweko, na chombo kinachoukamata na kuuhesabu huitwa kigunduzi cha mimweko. Kwa zaidi ya miaka 100 chombo hicho, kikiwa katika sura mbalimbali, kimekuwa miongoni mwa nyenzo kuu za uchunguzi wa chembe. Makala haya yanaeleza namna kinavyofanya kazi, na hasa namna wataalamu wanavyotenganisha mmweko wa kweli na ule wa uongo. Kuuona mmweko si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kujua umeletwa na nini.

Chanzo cha mmweko

Kila atomu ina elektroni zinazokizunguka kiini chake, na kila elektroni ina kiwango chake cha nishati. Chembe yenye chaji inapopita kwa kasi katikati ya atomu, huzisukuma elektroni hizo na kuzipandisha kwenye viwango vya juu. Elektroni hazikai huko; hurudi chini upesi, na nishati iliyozidi hutolewa. Katika vitu vingi, kama mawe na mbao, nishati hiyo huishia kuwa joto. Lakini katika vitu vichache sehemu yake hutoka kama mwanga, na vitu hivyo ni viangavu kiasi cha kuuruhusu mwanga wenyewe kutoka nje. Miongoni mwa vitu hivyo ni fuwele za chumvi fulani, plastiki zilizochanganywa na kemikali maalumu, na aina kadhaa za mafuta.

Mionzi ya gama haina chaji. Hiyo kwanza huipa elektroni nishati yake, na elektroni hiyo ndiyo inayoleta mmweko. Nyutroni nayo hujulikana kwa kugonga kiini cha atomu na kukisukuma, au kwa kumezwa na kiini ambacho baadaye hutoa mionzi ya gama.

Mmweko una sifa mbili zenye manufaa makubwa. Ya kwanza ni kwamba kiasi cha mwanga hulingana na nishati iliyoachwa ndani ya kitu. Fuwele ya iodidi ya sodiamu iliyotiwa thaliamu kidogo hutoa fotoni zipatazo 38,000 kwa kila elektronivolti milioni 1 za nishati. Kwa hiyo kupima mwanga ni kupima nishati. Sifa ya pili ni wepesi. Plastiki inayomweka hutoa mwanga mchache zaidi, takriban fotoni 10,000 kwa nishati hiyo hiyo, lakini mmweko wake huisha katika nanosekunde 2 au 3. Nanosekunde moja ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Katika muda huo mwanga husafiri sentimita 30 tu. Kwa sababu hiyo mtaalamu huchagua fuwele anapotaka kujua nishati kwa usahihi, na plastiki anapotaka kujua wakati.

Wahesabuji wa gizani

Mwaka 1903 mwanakemia Mwingereza William Crookes alionyesha chombo kidogo chenye kioo cha kukuzia na kiwambo kilichopakwa salfidi ya zinki. Chembe za alfa kutoka katika punje ya radi zilipokigonga kiwambo hicho, kila moja ilileta kimulimuli kidogo. Watu wengi walikichukulia kuwa kitu cha kuburudisha macho. Ernest Rutherford na wenzake, waliokuwa Manchester, walikifanya kuwa chombo cha kupimia.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha. Mhesabuji alikaa gizani kwa muda mrefu mpaka macho yake yakazoea, kisha akachungulia katika hadubini na kuhesabu vimulimuli kwa dakika chache, ndipo mwenzake akampokea. Kwa njia hiyo Hans Geiger na Ernest Marsden, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa miaka 20, waliona mwaka 1909 kwamba chembe chache za alfa, takriban 1 katika kila 8,000, hurudi nyuma zinapogonga bamba la metali. Ni kutokana na vimulimuli hivyo vilivyohesabiwa kwa jicho kwamba Rutherford alitangaza mwaka 1911 kuwa atomu ina kiini kidogo na kizito katikati yake. Kila mwanafunzi wa sekondari anayechora atomu yenye kiini anaendeleza matokeo ya watu wale waliokaa gizani.

Lakini jicho lina udhaifu, na udhaifu huo ulidhihirika miaka ya 1920. Katika taasisi ya utafiti wa radi mjini Vienna, Hans Pettersson na Gerhard Kirsch walidai kwamba chembe za alfa huvivunja viini vya elementi nyingi nyepesi, ikiwemo kaboni. Rutherford na James Chadwick, waliokuwa Cambridge, walirudia majaribio hayo na hawakuona jambo hilo. Ubishi ukaendelea kwa miaka kadhaa, kila upande ukiwa na hesabu zake.

Mwezi Desemba 1927 Chadwick alisafiri hadi Vienna. Aliomba aruhusiwe kupanga mwenyewe utaratibu wa kuhesabu. Wahesabuji walikuwa walewale, chombo kilikuwa kilekile, na giza lilikuwa lilelile. Badiliko lilikuwa moja tu: wahesabuji hawakuambiwa ni kitu gani kilichowekwa ndani ya chombo wala ni hesabu ipi iliyotarajiwa. Mara matokeo yakawa sawa na yale ya Cambridge. Hapakuwa na udanganyifu wa makusudi. Kimulimuli kilicho hafifu kabisa hukaribia mpaka wa uwezo wa jicho, na mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba vimulimuli ni vingi huviona vingi. Tangu hapo ilikuwa wazi kwamba jicho la binadamu halifai kuendelea kuwa hakimu wa jambo hilo.

Jicho la umeme

Ufumbuzi ulipatikana mwaka 1944, pale Samuel Curran na William Baker walipoiweka neli ya kuzidishia mwanga mahali pa jicho. Neli hiyo ni chupa ya kioo isiyo na hewa ndani yake. Mwanga ukigonga utando uliopakwa mbele, elektroni hung'oka. Kwa kawaida katika fotoni 4 huenda moja tu ikafaulu kung'oa elektroni. Elektroni hiyo huvutwa na umeme hadi kwenye kibamba cha kwanza na kung'oa nyingine kadhaa. Hizo nazo huvutwa hadi kibamba cha pili, kisha cha tatu, na kuendelea. Ikiwa kila kibamba huzidisha mara 4, na vibamba ni 10, mwanafunzi anaweza kukokotoa kwamba elektroni moja mwanzoni huwa zaidi ya milioni 1 mwishoni. Huo ni mkondo wa umeme unaoweza kupimwa na kuandikwa bila ya mtu kutia neno.

Vitu vya kumweka navyo vikapatikana kwa haraka. Mwaka 1947 Hartmut Kallmann, Mjerumani, alitumia fuwele kubwa ya naftalini, kitu kilekile ambacho watu huweka kwenye masanduku ya nguo ili kufukuza nondo. Ilikuwa na faida kwamba ni angavu, hivyo mwanga uliweza kutoka hata katikati ya fuwele nene. Mwaka 1948 Robert Hofstadter, Mmarekani, akaonyesha uwezo wa iodidi ya sodiamu, ambayo hadi leo haijaacha kutumika.

Vyombo hivi vyote hufungwa kwa karatasi nyeusi au huwekwa ndani ya makasha yasiyopitisha mwanga. Mwanga wa mchana ukiingia kupitia tundu dogo kama la sindano, mimweko yote hupotea ndani yake, kama vile taa ya dagaa inavyopotea katika mbalamwezi.

Mvua isiyolowesha

Haimlazimu mtu kwenda Ulaya ili apate chembe zenye nishati kubwa. Protoni kutoka anga za mbali huigonga hewa ya dunia mchana na usiku, na katika kimo cha kilomita 15 hivi huzaa chembe nyingine ziitwazo pioni, ambazo nazo hugeuka kuwa myuoni. Myuoni ni kama elektroni iliyo nzito mara 207. Chembe hizi hushuka hadi ardhini kila mahali. Katika usawa wa bahari kila sentimita ya mraba iliyo bapa hupokea takriban myuoni 1 kwa dakika, na katika Mwanza, iliyo kwenye kimo cha takriban mita 1,134 za uso wa ziwa, kiasi hicho hakibadiliki sana. Kiganja kilichofunguliwa juu ya dawati chenye eneo la sentimita za mraba 100 hupitiwa na myuoni zipatazo 4,000 katika kipindi kimoja cha dakika 40. Mwenye kiganja hahisi chochote.

Kigunduzi huhisi, lakini huhisi na mengine yasiyotakiwa. Neli ya kuzidishia mwanga hutoa ishara za uongo kwa sababu ya joto lake tu, na vitu vyote vinavyokizunguka chombo hutoa mionzi. Dawa ya tatizo hili ni kutumia vigunduzi viwili badala ya kimoja. Kimoja huwekwa juu ya kingine, na ishara hukubaliwa tu ikiwa vyote viwili vimemweka kwa pamoja. Myuoni hupenya vyote kwa mfululizo. Kelele ya kigunduzi kimoja haina habari na ya mwenzake.

Hesabu fupi yaonyesha nguvu ya mbinu hii. Chukua vigae viwili vya plastiki inayomweka, kila kimoja sentimita 10 kwa 10, vikiwa vimelaliana. Tuseme kila kimoja hutoa ishara za uongo 100 kwa sekunde, na ishara mbili huhesabiwa kuwa za pamoja zikitofautiana kwa muda usiozidi nanosekunde 100. Mara ambazo ishara za uongo zitakutana kwa bahati hupatikana kwa kuzidisha 2 kwa 100, kwa 100 tena, kisha kwa 0.0000001. Jibu ni 0.002 kwa sekunde, yaani takriban 7 kwa saa. Wakati huohuo myuoni za kweli zinazopenya vigae vyote viwili hukaribia 6,000 kwa saa. Kigae kimoja pekee kingeonyesha ishara za uongo 360,000 kwa saa, na myuoni zingezama humo.

Mbinu ya ishara za pamoja ilibuniwa kwa saketi za umeme na Bruno Rossi wa Italia mwaka 1930, kabla ya vigunduzi vya kisasa vya mimweko. Mwaka 1933 aliipeleka Asmara, Eritrea, kwenye nyanda za juu zinazopita mita 2,300. Akitumia neli za Geiger alizozielekeza mara magharibi na mara mashariki, aliona kwamba mionzi kutoka magharibi ilikuwa mingi zaidi. Kwa kuwa usumaku wa dunia hupinda njia za chembe zenye chaji, tofauti hiyo ilimaanisha kwamba sehemu kubwa ya mionzi inayotoka angani ina chaji chanya. Watafiti wengine huko Meksiko walipata jibu hilohilo karibu wakati uleule. Kipimo hicho kilihitaji kufanyika karibu na ikweta, mahali ambapo athari ya usumaku huo ni kubwa, na ndiyo maana mtafiti wa Italia alifunga safari ya Afrika ya Mashariki.

Myuoni zina jambo jingine la ajabu. Ikitulia, myuoni huishi kwa wastani wa mikrosekunde 2.2 kabla ya kuvunjika. Hata ikienda kwa mwendo wa mwanga, muda huo ungeiruhusu kusafiri mita 660 tu, na isingefika ardhini kutoka kilomita 15 juu. Nayo hufika. Maelezo yake yamo katika nadharia ya Einstein: kwa kitu kinachokwenda mbio kiasi hicho, wakati wake hupita polepole zaidi kwa mtazamaji aliye ardhini. Maabara nyingi za vyuo vikuu duniani hupima umri huo kwa pipa dogo la mafuta yanayomweka. Myuoni ikikwama ndani yake huleta mmweko wa kwanza. Ikivunjika, elektroni inayotoka huleta mmweko wa pili. Saa ya umeme husoma nafasi iliyo kati ya mimweko hiyo miwili.

Miamba na maji ya Mwanza

Mwanza hujulikana kama mji wa miamba. Mawe makubwa ya matale yaliyorundikana vilimani na yale yanayochomoza majini, kama Mwamba wa Bismarck, yana potasi, na sehemu ndogo ya potasi hiyo ni potasi-40, ambayo ni nururifu. Mionzi yake ya gama ina nishati ya elektronivolti milioni 1.46. Matale huwa pia na urani na thoriamu kwa viwango vidogo, na mionzi mikali zaidi ya ukoo wa thoriamu hufikia milioni 2.61. Haya ni mambo ya asili yaliyokuwapo tangu miamba ilipoundwa. Kwa mtu mwenye kigunduzi, hata hivyo, ni kelele anayopaswa kuitenga.

Njia ya kuitenga ni ukubwa wa mmweko. Myuoni inayopenya plastiki huacha takriban elektronivolti milioni 2 kwa kila sentimita. Plastiki ikiwa na unene wa sentimita 10, myuoni huacha milioni 20, na mmweko wake huwa mkubwa mara nyingi kuliko ule wa mionzi ya mwambani, ambao hauwezi kuzidi milioni 2.61. Kwa hiyo mimweko midogo ni habari ya mwamba, na mikubwa ni habari ya anga.

Ziwa nalo lina somo lake. Kila sentimita ya maji huipunguzia myuoni takriban elektronivolti milioni 2. Wastani wa nishati ya myuoni inapofika ardhini ni kama bilioni 4. Myuoni ya namna hiyo, ikiingia ziwani wima, hukwama baada ya mita 20. Sehemu za ndani kabisa za Ziwa Victoria zina kina cha mita 80 hivi, na ili kufika huko myuoni hupaswa kuwa na nishati inayozidi bilioni 16. Chache tu zina nishati hiyo. Matale, yenye uzito wa mara 2.6 na zaidi ya ule wa maji, huikwamisha myuoni ya wastani kwa unene wa mita 8 hivi.

Hesabu hiyo hutumika pia kwa kugeuzwa. Mtu akijua ni myuoni ngapi zimepungua, hujua ni kiasi gani cha mwamba zimepitia. Kwa njia hiyo watafiti walitangaza mwaka 2017 kwamba ndani ya piramidi kuu ya Khufu nchini Misri kuna uwazi mkubwa ambao haukujulikana. Miongoni mwa vyombo vyao vilikuwamo vigunduzi vya mimweko vilivyotengenezwa kwa plastiki.

Kukimbilia chini ya ardhi

Kuna chembe moja ambayo kelele ndogo kabisa yatosha kuificha, nayo ni nyutrino. Wolfgang Pauli alipendekeza kuwapo kwake mwaka 1930, akieleza nishati iliyoonekana kupotea katika mionzi ya beta. Nyutrino haina chaji, na huweza kupenya dunia nzima bila kugusa kitu. Iliwachukua wanasayansi miaka 26 kuithibitisha.

Mwaka 1956 Frederick Reines na Clyde Cowan waliweka kigunduzi chao karibu na tanuri la nyuklia la Savannah River, Marekani, mita 12 chini ya ardhi ili udongo ukizuie na mionzi ya anga. Matangi mawili ya maji yenye chumvi ya kadimiamu yalibanwa katikati ya matangi matatu ya mafuta yanayomweka, kila moja likiwa na lita 1,400 na neli 110 za kuzidishia mwanga. Nyutrino ikigonga protoni ya maji, protoni hugeuka kuwa nyutroni na positroni. Positroni hukutana na elektroni mara moja, nazo hutoweka na kutoa mionzi miwili ya gama inayokwenda pande tofauti. Matangi mawili humweka kwa pamoja. Mikrosekunde chache baadaye nyutroni humezwa na kadimiamu, na mmweko mwingine hutokea. Mimweko ya kwanza kwa pamoja, kisha wa pili kwa kuchelewa: hiyo ndiyo alama iliyotafutwa. Alama hizo zilikuja takriban 3 kwa saa, na zilipungua tanuri lilipozimwa. Mwezi Juni mwaka huo Pauli alipelekewa simu ya maandishi kuarifiwa.

Nyutrino zilizotoka katika tanuri zilikuwa zimetengenezwa na watu. Zile zinazozaliwa na hewa ya dunia zilionekana kwa mara ya kwanza katika Afrika. Reines, akishirikiana na Friedel Sellschop wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, aliweka vigunduzi ndani ya mgodi wa dhahabu wa East Rand karibu na Johannesburg, zaidi ya kilomita 3 chini ya ardhi. Shimo hilo lilikuwa limechimbwa kwa jasho la wafanyakazi Waafrika chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi. Matangi marefu ya mafuta yanayomweka yalipangwa kuwa kuta mbili zinazotazamana. Fikra yake ilikuwa hivi: myuoni chache mno zinaweza kupenya kilomita 3 za mwamba kutoka juu, na hakuna inayoweza kuja kwa ubapa, maana njia ya ubavuni ina mwamba mwingi zaidi. Kwa hiyo myuoni inayopita kwa ubapa kutoka ukuta mmoja hadi mwingine lazima iwe imezaliwa palepale jirani, ndani ya mwamba, na nyutrino. Tarehe 23 Februari 1965 myuoni ya namna hiyo iliandikwa. Mwaka huohuo kundi jingine, katika mgodi wa dhahabu wa Kolar nchini India, lilipata matokeo kama hayo.

Wakazi wa Kanda ya Ziwa wanaofahamu migodi ya Geita na Bulyanhulu wanajua kwamba mgodi hupimwa kwa dhahabu inayotoka. Mgodi wa East Rand ulionyesha kwamba hata kimya cha chini ya ardhi ni mali kwa mwenye kujua matumizi yake.

Fuwele 75,848

Katika maabara ya CERN iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, protoni hugonganishwa ndani ya mashine ya LHC. Mojawapo ya vyombo vinavyotazama migongano hiyo, kiitwacho CMS, kina fuwele 75,848 za tungsteti ya risasi. Fuwele hizo ni angavu kama kioo ilhali ni nzito kuliko chuma. Hutoa mwanga mdogo sana zikilinganishwa na iodidi ya sodiamu, lakini zilichaguliwa kwa kuwa uzito wake huizuia mionzi ya gama katika urefu wa sentimita 23 hivi, na mwanga wake huisha upesi kabla ya mgongano mwingi zaidi kufuata.

Tarehe 4 Julai 2012 ilitangazwa kwamba chembe ya Higgs imepatikana. Moja ya njia zilizoitambulisha ni kuvunjika kwake na kuwa mionzi miwili ya gama. Nishati ya kila mmoja ilisomwa kutokana na mwanga wa fuwele, na kwa kuijumlisha pamoja na pembe iliyo kati yao, uzito wa chembe iliyokwisha kutoweka ukajulikana: karibu elektronivolti bilioni 125.

Kutoka maabara hadi nchini

Chombo kilichobuniwa kwa ajili ya maswali ya namna hii kimeingia katika kazi za kila siku. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ndege zilizobeba vipima mionzi ya gama ziliruka juu ya Tanzania kuchora ramani ya madini. Fuwele za iodidi ya sodiamu hutenganisha mionzi ya potasi, urani na thoriamu kwa nishati zake, na kwa hiyo aina ya mwamba hujulikana kutoka angani. Hospitalini, kamera ya gama iliyobuniwa na Hal Anger katika miaka ya 1950 hutumia fuwele hiyohiyo kuonyesha mahali dawa yenye unururifu ilipokusanyika mwilini. Katika biashara, Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, hupima unururifu katika vyakula. Baada ya ajali ya Chernobyl ya mwaka 1986, nchi nyingi zilianza kudai uthibitisho kwamba chakula hakina sizi-137, ambayo mionzi yake ya elektronivolti 662,000 hutambulikana waziwazi. Nchi inayouza sangara ng'ambo haiwezi kulipuuza jambo hilo.

Njia ya kijana wa Kanda ya Ziwa kuingia katika elimu hii nayo si ndefu kama ilivyokuwa. Mwaka 2016 shule ya Afrika ya fizikia ya msingi, inayowakutanisha wanafunzi wa vyuo na watafiti wa chembe, ilifanyika Kigali, magharibi mwa ziwa. Mwaka 2018 taasisi ya Afrika Mashariki ya utafiti wa fizikia ya msingi ilifunguliwa katika mji huohuo.

Zoezi kwa darasa

Mwalimu anaweza kufundisha somo la Vienna bila kifaa chochote cha gharama. Atie vitone vidogo vya penseli katika karatasi moja, vingine vikolevu na vingine hafifu kiasi cha kutiliwa shaka, jumla yake vikiwa 50. Aligawe darasa katika makundi mawili yasiyosikilizana. Kundi la kwanza aliambie kwamba vitone vinazidi 60. La pili aliambie kwamba havifiki 40. Kila mwanafunzi atazame karatasi kwa sekunde 20 akiwa umbali wa mita 2, kisha aandike hesabu yake bila kumwonyesha mwenzake. Mwishoni wastani wa kila kundi uandikwe ubaoni. Baada ya hapo zoezi lirudiwe kwa karatasi mpya, safari hii bila ya kundi lolote kuambiwa kitu. Wanafunzi wenyewe walinganishe tofauti ya wastani katika mara ya kwanza na ya pili, na waeleze ni ipi wangeiamini na kwa nini.